Inteki ya koni na kipimo cha moshi: funga hivi usije kufelishwa

Wakuu, hii naandika mara moja tu, mtu akiniuliza tena nampa asome. Maana kila wiki swali ni lilelile, "nimeona inteki ya koni inauzwa, nikiiweka kwenye IST yangu (au Crown, au Subaru) nitapita ukaguzi au nitarudishwa?"

Jibu langu ni kwamba koni yenyewe (ile filta ya hewa ya umbo la koni inayokaa wazi badala ya boksi la filta la kiwandani) haimfelishi mtu. Wanaofeli wanafelishwa na ufungaji, yaani hewa inayoingia kwenye enjini bila kupita kwenye sensa inayopima hewa, sensa iliyolowa oili ya filta, hosi iliyoachwa inaning'inia, na kubwa kuliko yote, mtu alishauza boksi lake la orijino siku ileile aliyofunga koni kwa hiyo akirudishwa hana pa kukimbilia.

Na niseme ukweli kabla hujatoa hela. Kwa gari ya kwenda kazini na kurudi hapa Dodoma, mi bado nasimama na boksi la kiwandani. Kiangazi chetu unakijua, Mei mpaka Novemba karibu hakuna tone, upepo unapiga, ukitoka lami tu pale Nkuhungu au ukifuata malori ya mchanga kwenda Ihumwa unakula vumbi mpaka kwenye meno, na koni nyingi za bei rahisi zinapitisha vumbi laini ambalo filta ya karatasi ingelizuia. Halafu kuna wanaoniambia "gari imekosa nguvu tangu nihamie kutoka Dar, nataka koni irudishe nguvu". Mkuu, Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. Koni haiwezi kushusha mlima. Ila kama unataka mlio, sawa, hiyo ni sababu ya kweli na sina neno, twende.

Kwanza jua unakaguliwa nini

Trafiki wa stika ya Nenda kwa Usalama anaangalia zaidi breki, taa, matairi, usukani, na moshi anaouona kwa macho yake. TBS (shirika la viwango) wao wanahusika na magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Wengi wanaonifuata sa hivi ni wale wanaotaka kukodisha gari kwenye miradi na makampuni, huko ndo unakuta mtu anachomeka mrija wa mashine kwenye ekzosi na kusoma gesi, na mwingine anachomeka kompyuta kusoma kodi (namba za makosa ambazo kompyuta ya gari imehifadhi). Uliza mapema wanapima nini na kikomo chao ni kipi, usikisie.

Kama hujapewa namba yoyote, lenga za Japan, maana gari yako huko ndiko ilikokuwa inapasishwa. Kwa gari ndogo za kawaida za petroli za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90, ikiwa sailensa (inaunguruma imesimama), CO (gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi) isizidi asilimia 1 na HC (mafuta ambayo hayajaungua) isizidi 300 ppm (sehemu kwa milioni). Uingereza ni wakali zaidi, gari ya baada ya katikati ya 2002 yenye masega (kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachochoma gesi chafu) inatakiwa CO isizidi asilimia 0.2 ukiwa umeshikilia RPM (mizunguko ya enjini kwa dakika) 2,500 hadi 3,000. Gari nzima yenye masega yanayofanya kazi inapita hizo namba bila hata kutoa jasho.

Utaona pia inteki zinatangazwa kwamba zina kibali cha California. Hiyo ni kweli ipo, kule kila inteki iliyoruhusiwa ina namba ya kibali inayoanza na D na stika ya kubandika chini ya boneti, usipokuwa nayo mkaguzi anakukataa kwa macho tu hata kama gesi yako ni safi. Kwetu hiyo stika haikupi wala kukunyima kitu, ila ni dalili nzuri kwamba mtengenezaji alipima bomba lake na gari husika, hakukisia kipenyo.

Vitu uwe navyo kabla hujashika spana

- Boksi la orijino na klipu zake zote, bomba lake, na filta mpya ya karatasi. Lifunge kwenye mfuko uliweke ndani. Usiuze, usimpe fundi "akutunzie".
- Koni ya aina kavu. Zile za pamba za kupaka oili kaa nazo mbali, nitasema kwa nini.
- Bomba lenye sehemu ya sensa ya hewa yenye kipenyo sawa na cha orijino.
- Klipu za chuma za kukaza hosi, mpya, na hosi za silikoni za saizi sahihi.
- Spana namba 10, bisibisi, rula au futi kamba.
- Spirei maalum ya kusafishia sensa ya hewa. Siyo brek klina, siyo petroli.
- Kidude cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth na programu yake kwenye simu. Hiki ukinunua kitakurudishia hela yake ndani ya mwezi.
- Chupa ya maji yenye pampu, kama zile za saluni.

Hatua zenyewe

1. Pima gari kabla ya kufungua chochote. Watu wanairuka hii halafu kesho wanalalamika koni imeharibu gari kumbe gari ilikuja mbovu. Ipashe moto mpaka feni iwake, chomeka kidude, angalia kama kuna kodi zozote, halafu tafuta palipoandikwa STFT na LTFT. Hizo ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa. Zikiwa kati ya -5 na +5 uko vizuri, zikifika 10 kuna kitu kinaanza. Andika pembeni. Kama gari tayari ina taa ya cheki enjini, simama hapahapa, tibu hiyo kwanza. Kuna Toyota za Japan za zamani hazisomeki vizuri na hivi vidude, hapo itabidi fundi mwenye mashine yake.

2. Zima gari, toa ufunguo, piga picha za boksi na kila hosi inayoingia pale. Huna haja ya kutoa betri kwa kazi hii, na mi nakushauri usitoe, maana ukitoa unafuta yale yote kompyuta iliyojifunza na siku ya ukaguzi wa kompyuta inaonekana gari "haijakamilisha" vipimo vyake vya ndani.

3. Hapa ndo penye kazi, kwa hiyo tulia. Sensa ya hewa (mafundi wengi wanaiita ea floo) haipimi hewa yote, inapima kasi ya hewa inayoigusa, halafu kompyuta inapiga hesabu ikijua kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukibadilisha kipenyo umeidanganya. Mfano, bomba la orijino lina milimita 60 ndani, wewe umenunua la 66 kwa sababu muuzaji kasema kubwa ndo tamu. Tofauti ya milimita 6 inaonekana si kitu, ila eneo limeongezeka asilimia 21, sensa inaona hewa pungufu kama asilimia 17, na kompyuta inalazimika kupandisha mafuta kama asilimia 21 kufidia. Hapo umeshakaribia mwisho wa uwezo wake wa kurekebisha, siku ya baridi au ukikanyaga ghafla inashindwa, taa inawaka, kodi P0171 (hewa imezidi, mafuta pungufu). Kwa hiyo pima kwa rula kipenyo cha NDANI pale sensa inapokaa, la zamani na jipya. Vikitofautiana zaidi ya milimita moja hivi, rudisha dukani. Usimsikilize anayesema kompyuta itajifunza.

   Corolla za miaka ya 90 zile za enjini ya 5A hazina hii sensa kabisa, zinapima mgandamizo kwenye manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye enjini), kwa hiyo nyie kipenyo hakiwasumbui sana. IST, Runx za enjini ya 1NZ, Crown Athlete, Subaru za turbo, mnayo.

4. Toa sensa kwa skrubu zake mbili, usiguse ule waya mwembamba ndani hata kwa kidole kisafi. Ikiwa na vumbi ipulizie spirei yake, iache ikauke yenyewe dakika 10, usipulize kwa mdomo. Kwenye bomba jipya ikae uelekeo uleule, kuna mshale, mshale unaelekea kwenye enjini. Na ikae mbali kidogo na kona ya bomba, hewa ikifika huku inazunguka, sensa inasoma kama mlevi, sailensa inapanda na kushuka.

5. Sasa koni ikae wapi. Ukiiacha wazi karibu na enjini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, umelipa hela kupunguza nguvu. Weka kinga ya bati au itafutie sehemu karibu na taa inapopata hewa ya nje. Ila wale mnaoishusha mpaka nyuma ya bampa, nawaomba mkumbuke makorongo yetu. Hapa mvua ni chache lakini ikinyesha Januari korongo lililokuwa kavu asubuhi linakata barabara jioni, koni ikizama kwenye maji enjini inavuta maji, maji hayagandamizwi, koneksheni rodi inapinda na hapo ni kununua enjini. Niliwahi kuona moja imetolewa, imejipinda kama kijiko cha plastiki kilichotiwa kwenye uji wa moto.

6. Rudisha KILA hosi. Kila moja. Kuna hosi inatoka kwenye kava ya valvu kuingia kwenye bomba la hewa, hiyo ni ya enjini kupumua, inabeba mvuke wa oili urudi kuchomwa. Vifurushi vingi vya bei rahisi havina tundu lake, fundi anaiziba na kitambaa au anaiacha inaning'inia.

   Mi mwenyewe yalinikuta. IST yangu, nilifungiwa koni gereji moja mjini, sikukagua, gari ikawa na mlio mtamu nikafurahi. Wiki mbili mbele nikaipeleka kupimwa kwa ajili ya kukodisha kwenye mradi, HC ikasoma zaidi ya mara mbili ya kikomo na taa ya cheki enjini ikajiwakia palepale mbele ya mkaguzi, kama vile wamepanga. Kufungua boneti, tundu la kwenye bomba limezibwa kwa karatasi ya nailoni na tepi, tepi imeyeyuka kwa joto, enjini inavuta hewa ya pembeni ambayo sensa haijaihesabu. Kifaa cha kuunganisha hosi ile ni bei ya soda chache. Mkataba ulienda kwa mtu mwingine.

7. Kaza klipu, siyo kwa hasira, silikoni ikikatika ndo umetengeneza tundu jipya. Pakaa grisi kidogo kwenye mdomo wa koni pale inapokutana na bomba, inasaidia kushika vumbi linalotaka kupenya pembeni.

8. Washa gari, iache sailensa, chukua chupa ya maji upulizie kidogokidogo kwenye kila maungio kuanzia sensa mpaka kwenye throto (mlango wa hewa wa enjini). Ukisikia mlio umebadilika mahali fulani, hapo pana tundu. Usipulizie kwenye koni yenyewe wala kwenye koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi). Kuna mafundi wanatumia kabureta klina kwa hili, inafanya kazi, lakini ukiwa na enjini ya moto na koili iliyochoka utawasha moto, maji yanatosha.

9. Endesha siku tatu nne kwa mwendo mchanganyiko, mjini kidogo, na barabara kubwa. Ukitoka mpaka Kibaigwa na kurudi ukiwa kwenye mwendo mmoja kompyuta inajifunza vizuri na vile vipimo vya ndani vinakamilika. Kisha pima tena STFT na LTFT, linganisha na zile ulizoandika hatua ya kwanza. Zikisogea chini ya 5 umefanya kazi nzuri. Zikiruka 10 na zaidi, rudi hatua ya 3, 6 na 8.

10. Baada ya wiki mbili fungua bomba, pitisha kidole kisafi ndani, upande wa baada ya koni. Kikitoka na unga mwekundu koni inapitisha vumbi. Hapo hakuna cha kujadili, itoe, rudisha boksi. Vumbi hilo linasaga ringi, ringi zikiisha gari inakula oili, moshi wa bluu, na hapo hata ufunge nini hupiti.

Siku ya ukaguzi

Kama una uwezo, rudisha boksi la orijino, ni kazi ya nusu saa na mkaguzi hakuulizi maswali. Siyo ujanja, gari inapimwa kama ilivyotengenezwa. Ukirudisha, fanya siku tatu kabla, siyo usiku wa kuamkia, kompyuta nayo inahitaji muda wa kuzoea upya. Na usifute kodi asubuhi ya ukaguzi ukidhani umeficha kitu, mwenye kompyuta anaona kwamba imefutwa.

Gari ifike ikiwa ya moto. Hili linafelisha wengi kuliko koni, masega yakiwa ya baridi hayachomi kitu, mtu anatoka nyumbani Area D anaenda kilomita mbili, anakaa foleni saa nzima gari imezimwa, akipimwa anafeli. Endesha dakika 15 hadi 20, zamu yako ikikaribia shikilia RPM 2,500 kwa dakika mbili tatu, zima AC. Oili ikiwa imechoka ibadilishe wiki hiyo, maana mvuke wake unarudi kwenye enjini kupitia ile hosi ya kupumua na unapandisha HC. Habari za kuchanganya dawa sijui spiriti kwenye tanki achana nazo.

Umefeli? Tafuta hapa

CO iko juu, ekzosi ina weusi wa masizi: mafuta yanazidi. Angalia kama bomba ulilofunga ni dogo kuliko la orijino (kodi P0172), kama sensa ya oksijeni imechoka, au ekzosi ina tundu kabla ya hiyo sensa. Kwa Subaru za turbo, kama umeweka ile valvu ya "pshhh" inayotoa hewa nje, ndo yenyewe. Hewa ile ilishahesabiwa na sensa, mafuta yake yameshamwagwa, wewe umeitupa nje. Irudishe iwe inazunguka ndani.

HC iko juu, CO ya kawaida: gari inamisi (silinda inakosa kuwaka), mara nyingi kwa hewa kuzidi au plagi mbovu. Rudia kupuliza maji. Angalia plagi na koili, kodi P0300 ikitokea anzia huko.

P0102 na P0113 zimekuja pamoja: umesahau kuchomeka soketi ya sensa. Usicheke, nimeiona mara nyingi.

P0101, au gari inavuta vibaya ukikanyaga wakati sailensa iko sawa: sensa chafu. Kama ulitumia koni ya pamba ya oili, jibu unalo, oili iliyozidi inarushwa inagandia kwenye waya wa sensa na vumbi letu linamalizia kuigeuza tope. Safisha kwa spirei yake, weka koni kavu.

Diseli inatoa moshi mweusi: kwenu hewa ikiwa pungufu ndo moshi unazidi, kwa hiyo angalia kwanza filta kama imeziba na hosi ya turbo kama imepasuka. Hilux na Prado zinazokwenda Kondoa vijijini au Bahi filta inaziba haraka sana, usisubiri kilomita za kwenye kitabu.

Kila kitu kiko sawa, LTFT nzuri, hakuna tundu, hakuna kodi au ipo P0420 (kodi ya masega), na bado CO na HC zote ziko juu: chungulia chini ya gari. Gonga masega kwa mpini wa bisibisi. Yakilia tupu kama debe, kuna mtu alishayatoa akayauza, yana platinamu na paladiamu na rodiamu ndani ndo maana wale jamaa wa "tunanunua masega" hawakosi kwenye magereji. Inawezekana ni mwenye gari aliyekutangulia, inawezekana ni fundi siku uliyomwachia gari ukaenda kula. Hapo koni inasingiziwa, na hata urudishe boksi mara kumi namba hazishuki mpaka masega yarudi.